Mgema Akisifiwa: Marubani na Sifa za Ushujaa, Kutoka Entebbe hadi Bukoba

Utangulizi

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi wetu tuliandika insha juu ya methali hii tukiwa sekondari, na karibu sote tulimwandika mgema yule yule: aliyevimba kichwa kwa sifa, akaharibu kazi, akapoteza wateja. Hatukuwawaza wagema wenzake. Wao nao hukwea minazi, wanajua kisu kinavyoteleza na kamba inavyokatika. Wanaposikia sokoni kwamba mwenzao ndiye bingwa, wanasema nini?

Makala haya yanaliuliza swali hilo kwa marubani. Yanachunguza namna wanavyoipokea sifa ya ushujaa inapotolewa na umma kwa rubani mwenzao. Hoja yangu ni kwamba marubani hawaikatai sifa hiyo, lakini pia hawaipokei kama ilivyo. Kwanza, wanaigawa ili iwafikie wote waliokuwa kazini ndani ya ndege. Pili, wanaipima ili wajue ni uamuzi gani hasa uliookoa watu. Tatu, wanaitumia ili ilete mabadiliko katika kazi yao. Mtu wa nje akiyaona hayo anaweza kudhani ni wivu, au ni unyenyekevu wa kuigiza. Nitajaribu kuonyesha kuwa ni tabia iliyozaliwa na historia chungu, na kwamba sisi tunaosoma historia tuna la kujifunza kwao.

Mada hii inaweza kuonekana iko mbali na Nagongera, ambako ndege tunaziona zikipita juu tu, na safari zetu ni za teksi na bodaboda. Lakini ukitoka Tororo ukashika barabara ya Mbale na Kumi, unafika Soroti, ambako chuo cha urubani cha Afrika Mashariki kimekuwapo tangu mwaka 1971. Tena, tukio lililompa rubani mmoja Mfaransa sifa duniani kote lilitokea Entebbe, katika nchi yetu wenyewe, na machungu yake hayakuishia Entebbe. Kwa hiyo tuanze huko.

Entebbe 1976: Sifa inayogawanywa

Tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Air France safari namba 139 iliondoka Tel Aviv kwenda Paris kupitia Athens. Baada ya kuruka kutoka Athens ilitekwa na watu wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilipelekwa kwanza Benghazi nchini Libya, na tarehe 28 Juni ikatua Entebbe, chini ya macho ya serikali ya Idi Amin. Abiria na wafanyakazi wakafungiwa katika jengo la zamani la kiwanja cha ndege. Baadaye watekaji wakawatenga Waisraeli na baadhi ya Wayahudi wengine upande mmoja, na abiria waliobaki upande mwingine. Hao wa upande wa pili wakaachiliwa kwa makundi mawili na kurudishwa Paris.

Nahodha wa ndege hiyo, Michel Bacos, na wenzake 11 waliambiwa kuwa wao nao wanaweza kuondoka. Walikataa. Waliobaki wakawa mateka 106, wakiwamo wao 12. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai makomando wa Israeli walivamia kiwanja na kuwaokoa watu 102. Mateka watatu walikufa katika mapigano. Wa nne, bibi mzee Dora Bloch, alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago kabla ya uvamizi, naye aliuawa baadaye kwa amri za utawala wa Amin. Kamanda wa makomando, Yonatan Netanyahu, pamoja na makumi ya askari wa Uganda, walikufa pia.

Magazeti ya ulimwengu yalimwandika Bacos kuwa nahodha aliyekataa kuwaacha abiria wake. Serikali ya Ufaransa ilimtunuku nishani ya Légion d'honneur, na wenzake wakatunukiwa nishani nyingine, Ordre national du Mérite. Tuitazame vizuri tofauti hii. Watu 12 walifanya uamuzi mmoja, katika chumba kimoja, mbele ya bunduki zile zile. Lakini dola, kama ilivyo desturi ya dola, ilipanga ushujaa kwa vyeo: wa nahodha daraja lake, wa wengine daraja lao.

Bacos mwenyewe alisimulia tofauti. Katika mahojiano aliyotoa miaka mingi baadaye, alieleza kuwa aliwaambia wenzake kwamba ni desturi ya kazi yao kubaki mpaka abiria wa mwisho aachiliwe, nao wote wakakubali bila hata mmoja kupinga. Alifariki Machi 2019 mjini Nice akiwa na umri wa miaka 94, na mpaka mwisho masimulizi yake yalikuwa hivyo: desturi, wajibu, wenzangu. Hilo halikuwa neno la adabu tu. Kusema "desturi" ni kusema kuwa kitendo kile hakikuzuka moyoni mwa mtu mmoja usiku ule. Kilikuwa kimefundishwa, kikarithiwa, na kingetarajiwa kwa nahodha mwingine yeyote. Hata sheria inaliunga mkono hilo kwa kiasi. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa kiongozi wa ndege mamlaka juu ya usalama wa ndege na waliomo. Mwenye mamlaka ndiye mwenye mzigo.

Hivi ndivyo sifa inavyogawanywa. Lakini tukianza kuigawa kwa haki, hatuwezi kuishia kwa wale 12. Ndege za makomando zilitua Nairobi zikajaza mafuta, na Amin akaikasirikia Kenya. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa kwa kulipiza kisasi, wakiwamo baadhi waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanja cha Entebbe. Wengine maelfu wakakimbia kurudi kwao. Tukumbuke kuwa wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa bado hai, na shirika la ndege la East African Airways lilikuwa mali ya nchi zote tatu. Mkenya kufanya kazi Entebbe lilikuwa jambo la kawaida, kama ilivyo kawaida leo kwa mtu wa Busia kuvuka mpaka asubuhi kuuza nyanya na kurudi jioni. Mapema mwaka 1977 shirika hilo likafa, na Jumuiya ikavunjika mwaka huo huo.

Wafanyakazi hao wa kiwanja hawakupewa nishani na nchi yoyote. Simulizi la Entebbe linapotajwa, majina mawili hutajwa haraka: la kamanda aliyekufa na la nahodha aliyebaki. Wote wawili wanastahili. Lakini kanuni ya Bacos, kwamba kitendo ni cha wote waliokuwa kazini, inatudai sisi watu wa mpakani tuulize pia juu ya wale waliolipa gharama bila kusifiwa.

Komoro 1996: Sifa inayopimwa

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu abiria wengi walikufa. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, safari namba 961, iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikiwa na watu 175. Muda mfupi baada ya kuruka ikatekwa na vijana watatu. Walitaka wapelekwe Australia. Nahodha Leul Abate aliwaeleza kuwa mafuta yaliyomo hayafiki huko, kwa kuwa ndege ilijazwa kwa ajili ya safari ya Nairobi. Hawakumwamini. Walikuwa wamesoma katika jarida la ndani ya ndege kwamba aina ile inaweza kuruka saa 11.

Leul hakuelekea bahari kuu. Aliifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, akijua kuwa karibu na nchi kavu kuna tumaini. Watekaji walipogundua na kumlazimisha aelekee mashariki, aliielekeza ndege kwenye visiwa vya Komoro. Mafuta yalipoisha, injini ya kwanza ikazima, kisha ya pili. Akawatangazia abiria hali ilivyo. Alitaka kutua katika kiwanja cha ndege cha Ngazija, lakini vurugu za watekaji ndani ya chumba cha marubani zikampotezea mwelekeo. Ndipo akaiteremsha baharini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, mbele ya hoteli ya Le Galawa Beach. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza, na ndege ikavunjika vipande. Watalii na wenyeji wa kisiwa hicho waliingia majini kuokoa watu. Watu 50 walipona, 125 walikufa, wakiwamo watekaji wote watatu. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliiamsha dunia. Leul na rubani msaidizi wake, Yonas Mekuria, walipona, na baadaye walirudi kazini kurusha ndege.

Je, anaweza kuitwa shujaa nahodha ambaye abiria wake zaidi ya theluthi mbili walikufa? Umma mara nyingi huhesabu waliopona na waliokufa, kisha hutoa hukumu. Marubani walihesabu vingine. Shirikisho la vyama vya marubani duniani, IFALPA, lilimtunuku tuzo ya Polaris, tuzo ambayo marubani huwapa marubani wenzao kwa ustadi wa pekee au ushujaa angani. Ukitaka kujua kwa nini tuzo hiyo ilimwendea yeye, pima maamuzi yake moja moja. Kuifuata pwani kulimbakizia nchi kavu machoni. Kuielekea Komoro kuliwapa abiria kisiwa badala ya bahari tupu. Kuishusha karibu na ufuko wenye watu kuliwaleta waokoaji kwa dakika chache. Kila uamuzi ulifanywa huku kuna mtu mwenye silaha begani mwake, tena hii haikuwa mara yake ya kwanza kutekwa angani.

Lakini kupima kuna upande wa pili, nao ndio unaotofautisha sifa ya marubani na sifa ya mashabiki. Waliyapima pia yaliyokwenda vibaya. Abiria kadhaa walizijaza upepo jaketi zao za kuokolea wakiwa bado ndani ya ndege, ingawa walikuwa wameonywa. Maji yalipoingia, jaketi zikawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Tangu hapo mfano huo umetumika mara nyingi kueleza kwa nini mhudumu wa ndege husisitiza, kabla ya ndege kuruka, kwamba jaketi lijazwe upepo ukiwa unatoka nje. Sentensi ile ambayo wasafiri wengi hawaisikilizi ina makaburi nyuma yake. Kama habari ya Komoro ingeishia kwenye neno "shujaa", kifo cha abiria wale kisingemfundisha mtu yeyote.

Kwa nini marubani wanaiogopa sifa tupu

Kufikia hapa msomaji anaweza kuuliza: tabia hii ilitoka wapi? Marubani wa mwanzo walipenda sana kusifiwa, na magazeti ya miaka ya 1920 na 1930 yaliwapamba kama wafalme. Kilichowabadilisha ni ajali, na nitataja mbili, moja ya hapa kwetu na nyingine ya mbali.

Ya hapa kwetu ilitokea Nairobi tarehe 20 Novemba 1974. Ndege ya Lufthansa safari namba 540, aina ya Boeing 747, iliruka kuelekea Johannesburg, ikashindwa kupanda, ikaanguka karibu tu na mwisho wa njia ya kurukia. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya aina hiyo ya ndege kuua watu. Uchunguzi ulionyesha kuwa vipande vya mbele vya mabawa, ambavyo husaidia ndege kupanda, havikuwa vimefunguka, na hapakuwa na kengele ya kuwaonya marubani ipasavyo. Kabla ya hapo tatizo hilo lilikuwa limeripotiwa mara mbili katika ndege za aina hiyo, na mara zote mbili marubani waliweza kuiokoa ndege. Baada ya Nairobi ndipo mitambo ya kuonya ilipoongezwa.

Tulifikirie jambo hili. Mara mbili, ustadi wa marubani uliziba pengo la mashine. Mara mbili watu walifika salama, na pengo likabaki pale pale likimngoja rubani wa tatu. Ustadi wa mtu mmoja unaweza kuwa pazia linaloficha ubovu. Kwa hiyo rubani anapomsikia mwenzake akisifiwa kwa kuokoa ndege, swali linalomjia si "yeye ni hodari kiasi gani?" Swali lake ni "kwa nini ilihitaji kuokolewa?" Linaweza kusikika kama swali la kijicho. Kumbe ni swali la mtu anayejua kuwa kesho yeye ndiye wa tatu.

Ajali ya pili ilitokea Tenerife, katika visiwa vya Canary, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu katika njia ya kurukia. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkufunzi wa marubani na sura yake ilitumika katika matangazo ya shirika lake. Inasimuliwa kuwa habari za ajali zilipofika makao makuu, wakubwa walimtafuta yeye asaidie uchunguzi, wasijue kuwa ndiye aliyekuwa usukani. Alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Fundi wa ndege aliyekuwa naye ndani aliuliza kama ndege nyingine imeshaondoka njiani. Nahodha akajibu kwa uhakika kuwa imeondoka, na fundi hakusisitiza.

Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi: ukungu, kiwanja kilichojaa ndege, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini marubani duniani walijiuliza zaidi juu ya ule ukimya. Ni nani angethubutu kumbishia bingwa? Hapo ndipo methali yetu inapopata maana mpya. Sifa haimharibu mgema peke yake. Inaweza pia kuwafunga midomo wanaomshikia ngazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, taasisi ya NASA iliitisha warsha juu ya namna wafanyakazi wa ndege wanavyopaswa kushirikiana, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza mafunzo ya aina hiyo. Msaidizi akafundishwa kusema, na nahodha akafundishwa kusikiliza.

Matunda yalionekana tarehe 19 Julai 1989. Ndege ya United safari namba 232 ilipoteza mitambo yote ya kuiongoza, na nahodha Al Haynes na wenzake, akiwamo rubani mkufunzi aliyekuwa abiria tu siku hiyo, waliifikisha Sioux City kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Watu 184 kati ya 296 walipona. Haynes alitumia miaka yake ya baadaye kuzunguka akitoa hotuba, na katika kueleza kilichowaokoa alitaja mambo matano: bahati, mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Ushujaa haumo katika orodha hiyo.

Sifa inayotumiwa

Jibu la tatu la marubani ni kuitumia sifa. Tarehe 15 Januari 2009 nahodha Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles walitua juu ya mto Hudson mjini New York, baada ya ndege wa porini kuharibu injini zote mbili. Watu wote 155 walipona. Marekani nzima ikampigia makofi Sullenberger, naye kila mara akawataja wenzake wanne. Mwezi uliofuata alipoitwa mbele ya wabunge, alisema jambo ambalo washangiliaji hawakulitarajia: kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40 na pensheni yake kuvunjwa, na kwamba kazi ya urubani ikiendelea kudharauliwa hivyo haitawavuta vijana wenye uwezo. Alikuwa amepewa jukwaa kwa ajili yake mwenyewe, akalikabidhi kwa kazi yake.

Wachunguzi nao walimpima bila aibu. Waliwaweka marubani wengine katika mashine za mazoezi ili kuona kama ndege ingeweza kurudi kiwanjani. Waliogeuza papo hapo, wengine walifika. Ilipoongezwa nafasi ya sekunde 35, ambayo binadamu anaihitaji kuelewa yaliyompata, ndege haikufika. Kipimo hicho hakikumpunguzia heshima. Kilimpa heshima yenye ushahidi, na hiyo ndiyo marubani wenzake wanayoithamini.

Hapa kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Marubani wakisema "yeyote kati yetu angefanya vile", je, hawalindani tu? Sentensi hiyo ina sura mbili. Kwa upande mmoja inamshusha mmoja. Kwa upande mwingine inawapandisha wote, na kumwambia abiria awaamini marubani asiowajua. Chama cha watu wa kazi moja kinaweza kuitumia kama ngao. Ndiyo maana uchunguzi wa ajali hauachiwi marubani wala mashirika yao. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 una kiambatisho cha 13 kinachosema kuwa lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Kama uchunguzi hautafuti wa kulaumiwa, hautafuti wa kusifiwa pia. Unatafuta sababu.

Sifa za umma, kwa upande wao, hubadilika haraka kama upepo. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, chini ya chama chao cha KALPA, walianza mgomo, miongoni mwa madai yao ikiwa michango ya akiba yao ya uzeeni. Walilaumiwa vikali kwa kuwatesa abiria, na mahakama ikawaamuru warudi kazini. Madai yao yalikaribiana sana na yale ambayo Sullenberger aliyatoa mbele ya wabunge. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ametua mtoni kwanza.

Bukoba 2022: Shujaa na mashua

Kesho yake, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air safari namba 494 kutoka Dar es Salaam ilianguka katika ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 walipona. Ziwa hilo ni letu pia, na watu wengi wa huku wana ndugu wanaolivua.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, akawa shujaa wa taifa zima la Tanzania kwa siku chache tu. Alipewa fedha, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alisimulia jinsi alivyojaribu kuwafikia marubani waliokwama mbele, kwa ishara kupitia dirishani, mpaka kamba ikamkatikia na kumpiga akazimia.

Yeye si rubani, lakini tukio hili ni la marubani kama lilivyo la wavuvi, kwa kuwa linatuletea nyumbani lile swali la Nairobi. Ushujaa wa Majaliwa haupingiki. Sasa tuuchukue kwa njia tatu za marubani. Tukiugawa, tunawaona wavuvi wengine waliopiga kasia asubuhi ile, na abiria waliosaidiana mlangoni. Tukiupima, tunajiuliza kwa nini kamba ya mvuvi ndiyo ilikuwa chombo kilichokuwa karibu zaidi na chumba cha marubani, katika kiwanja kilichojengwa kando ya ziwa. Tukiutumia, tunadai mashua za uokoaji, vifaa, na watu waliofunzwa, ili siku nyingine kijana kama yeye asiachwe peke yake na kasia. Sifa inayoishia kwenye makofi na ajira ya mtu mmoja inaliacha ziwa kama lilivyokuwa tarehe 5 Novemba.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa marubani wanapomsikia mwenzao akiitwa shujaa, huigawa sifa hiyo, huipima na huitumia. Bacos aliwagawia wenzake 11. Tuzo ya Leul ilitokana na maamuzi yaliyopimwa, si na hesabu ya waliopona. Sullenberger aliitumia kusema juu ya mishahara. Nyuma ya tabia hiyo kuna Nairobi na Tenerife, mahali ambapo ustadi ulificha ubovu na umaarufu ukanyamazisha maswali.

Kwetu sisi wanafunzi wa historia, jambo hili lina uzito wake. Vitabu tulivyosomea vimejaa mashujaa: machifu, wapigania uhuru, marais. Mara nyingi tunaulizwa katika mtihani tutaje mchango wa fulani, nasi tunautaja kwa namba, moja hadi kumi, bila kuuliza ni nani aliyemshikia ngazi, wala ni ubovu gani uliofichwa na uhodari wake. Kuuliza hivyo si kumvunjia mtu heshima. Marubani wanamheshimu Leul Abate kuliko sisi tunavyomheshimu, na ni wao waliokaa wakachunguza kila dakika ya safari yake.

Basi methali ya mgema naona inahitaji kusomwa upya. Onyo lake halimhusu anayesifiwa tu. Linatuhusu na sisi tunaosifu, kwa sababu tembo likishatiwa maji ni sisi tutakaolinywa. Mgema mwenza anayetoka sokoni kimya akaenda kuikagua kamba ya mnazi, pengine ndiye anayempenda bingwa kuliko wote wanaopiga vigelegele.